Pale Kichwa Kinapokaa

Mkunga anapompokea mtoto, mkono wake hutangulia kichwani. Kabla vidole havijahesabiwa, kabla mama hajaambiwa ni wa kike au wa kiume, kiganja kimekwisha kupita utosini, kimepima ulaini wake, kimefuata mishono inayotenganisha mfupa na mfupa. Katika Hospitali ya Muhima, ambayo watu wa Kigali huitaja kwa uzazi kuliko kwa jambo jingine lolote, mikono ya namna hiyo haijui usiku wala mchana. Mara nyingi haina la kusimulia. Utosi uko sawa, mishono iko sawa, mtoto analia, mama anauliza kama ni mzima na anajibiwa kuwa ni mzima.

Mara moja moja mkono husita. Chini ya ngozi fuvu halina ule ugumu uliozoeleka. Linabonyea kidogo kidole kinapopita. Utosi ni mpana kuliko kawaida. Huko kisogoni, mahali ambapo panatarajiwa mfupa mmoja na mshono wake, pana vifupa vidogo vidogo vingi vilivyopangana. Weupe wa macho una usamawati. Paja limepinda, na mtoto hulia kilio kikali kila anapogeuzwa upande mmoja. Eksirei ikipigwa, huonyesha mifupa iliyovunjika na kuunga tumboni mwa mama, na mingine iliyovunjika siku hiyohiyo ya kuzaliwa. Huo ndio ugonjwa ambao vitabu vya tiba huuita osteojenesisi imperfekta, na ambao hapa kwetu wenye kutumia Kifaransa huuita wa mifupa ya kioo. Humpata mtoto mmoja katika kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, kwa hiyo hata wodi yenye shughuli nyingi inaweza kumaliza mwaka bila kumwona hata mmoja.

Nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu ugonjwa huu, na karibu kila anayeusimulia huanzia miguuni. Si ajabu. Paja likivunjika, nyumba nzima hujua. Mtoto hupiga ukelele, jirani hufungua mlango, pikipiki huitwa, plasta hufungwa. Mvunjiko una saa yake na una shahidi wake. Lakini upo upande mwingine wa ugonjwa huu ambao haupigi kelele, na umejificha pale kisogo kinapokutana na ukosi. Ninauona kuwa ndio upande unaohitaji macho yetu zaidi, kwa sababu mguu uliovunjika hujisemea wenyewe, na shingo haina msemaji.

Chanzo cha yote ni kolajeni, protini ambayo huupa mfupa uwezo wa kuvumilia kupindwa na kugongwa. Mfupa si madini peke yake. Ungekuwa madini matupu ungepasuka kwa kujikwaa mara moja. Ndani yake mna nyuzi za kolajeni ya aina ya kwanza, na kila uzi umesokotwa kwa nyuzi tatu nyembamba zaidi. Ili msokoto ukae sawa, kila kiungo cha tatu katika mnyororo wake lazima kiwe glisini, asidi ya amino ndogo kuliko zote, kwa kuwa katikati ya msokoto hapana nafasi ya kitu kikubwa zaidi. Glisini moja ikibadilishwa na kitu kinene, msokoto hukwama. Wagonjwa wengi wana kasoro katika jeni moja kati ya mbili zinazoitwa COL1A1 na COL1A2. Wengine hutengeneza kolajeni nzuri lakini kidogo, nao huugua kwa unafuu. Wengine hutengeneza kolajeni iliyoharibika, na hao ndio wanaoumia sana. Mwaka 1979 daktari David Sillence wa Australia aliwagawa wagonjwa katika aina nne: ya kwanza nyepesi, ya pili ambayo watoto wengi hufa kabla au muda mfupi baada ya kuzaliwa, ya tatu ambayo huzidi kuupinda mwili kadiri mtoto anavyokua, na ya nne iliyo katikati. Tangu hapo aina nyingine nyingi zimetambuliwa, lakini madaktari bado huzungumza kwa namba zake.

Sasa tushuke mlima. Kutoka Muhima barabara huteremka hadi Nyabugogo, kwenye kituo kikuu cha mabasi, na huko kichwa cha binadamu hufanya kazi yake mbele ya macho ya kila mtu. Wapo karani ngufu, yaani wapagazi, na magunia yao ya viazi. Wapo akina mama abazunguzayi, wachuuzi wa mitaani, na nyungo za maparachichi, wanaogeuka, wanaojibizana bei, wanaoruka mfereji, na ungo haujagusika kwa mkono. Mwaka 1986 mwanafiziolojia wa Kenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea hewa ya oksijeni waliyoitumia. Walitembea kana kwamba hawakubeba kitu. Kila ninapowatazama wale wa Nyabugogo najiuliza ni nini hasa kinachobeba, maana kichwa chenyewe, kabla hakijatwikwa chochote, ni mzigo wa kilo nne na nusu hadi tano.

Jibu ni kata. Mbeba mzigo husokota kitambaa au majani ya mgomba, akafanya pete, akaiweka utosini, na juu ya pete hiyo chungu hutulia. Mwili nao una kata yake. Pingili ya kwanza kati ya saba za shingo, ile inayoitwa atlasi, haina gimba kama pingili nyingine. Ni pete tupu ya mfupa yenye vikalio viwili, na juu ya vikalio hivyo fuvu hukaa. Hapo ndipo tunapotikisa kichwa kukubali. Pingili ya pili, aksisi, imeotesha kidole cha mfupa kinachosimama ndani ya ile pete, upande wa mbele, kikiwa kimefungwa kwa ukano imara kisiteleze. Atlasi na fuvu lake huzunguka kwenye kidole hicho tunapotikisa kichwa kukataa, na karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hutoka hapo. Nyuma ya kidole, ndani ya pete hiyohiyo, hupita ugwe wa mgongo, ambao hupanda na kuingia fuvuni kupitia tundu kubwa la chini ya kichwa, tundu lenye urefu wa milimita 35 hivi na upana wa 30. Juu tu ya tundu lipo shina la ubongo, linaloamuru pumzi na kumeza. Ubongo mdogo wa kisogoni, unaotuwezesha kusimama bila kuyumba, nao uko jirani. Sijui mahali pengine mwilini ambapo vitu vya thamani kubwa hivyo vimewekwa katika nafasi finyu hivyo, chini ya mzigo ambao hautuliwi ila kwa kulala.

Katika ugonjwa huu kata haina shida kubwa. Shida ni tako la chungu. Mfinyanzi akikosea akatwika chungu kibichi juu ya kata, chungu hakipasuki. Tako hulegea taratibu, kata ikapanda ndani, na kingo za chungu zikaning'inia pande zote. Tako la fuvu lililotengenezwa kwa kolajeni dhaifu hufanya hivyohivyo. Mfupa unaouzunguka mlango wa lile tundu huvunjika mivunjiko midogo isiyosikika, ukaunga, ukavunjika tena, na kila unapounga huunga ukiwa umejikunja ndani kidogo zaidi. Pembe ya tako la fuvu, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa na kina chake, hufunguka na kuwa bapa. Kisogo hufura na kuning'inia juu ya shingo. Kwa nje mtu huona paji pana, uso wa pembetatu unaokwenda kuchongoka kidevuni, kichwa kinachoonekana kikubwa kwa mwili wake, shingo iliyopotea mabegani. Kwa ndani, kile kidole cha pingili ya pili, ambacho kilipaswa kubaki chini ya mlango, huanza kupanda na kuingia, kikalisukuma shina la ubongo kutoka mbele.

Kuzama huko huchukua miaka. Ndiyo maana nasema hakupigi kelele. Mtoto wa miaka saba hana lolote. Akiwa na kumi na mbili anaanza kulalamika kuwa kisogo kinamuuma akikohoa, akicheka, akipiga chafya. Nyumbani wanasema ni mafua. Kisha kikombe kinaanza kumponyoka. Chai inampalia. Sauti inakwaruza. Macho yanachezacheza anapotazama pembeni. Usingizini pumzi inakatika, ikarudi. Miguu ambayo haikuwahi kuwa na nguvu inakuwa dhaifu zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila mtu ana maelezo tayari: si ana mifupa ya kioo, atakosaje kudhoofika miguu? Dalili ya ubongo kubanwa hufichwa nyuma ya ugonjwa unaojulikana. Wakati mwingine maji yanayozunguka ubongo hukosa njia ya kutokea, yakajaa ndani. Wagonjwa wengine hubaki miaka yote bila dalili ingawa picha zao zinatisha, na hilo nalo humfanya daktari apate ugumu wa kuamua. Wanaopatwa zaidi ni wa aina ya tatu na ya nne.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba kuanza kuitafuta hatari hii hakuhitaji mashine ya ajabu. Mwaka 1939 daktari wa eksirei wa Marekani, W. Edward Chamberlain, alitoa njia ambayo bado inatumika. Unapiga picha ya kichwa na shingo kutoka ubavuni. Unachukua rula na penseli. Unachora mstari kutoka mwisho wa kaakaa gumu hadi ukingo wa nyuma wa lile tundu kubwa. Ncha ya kidole cha pingili ya pili inapaswa kuwa chini ya mstari au kuuvuka kidogo tu. Ikipita juu yake kwa milimita 5 hivi au zaidi, fuvu limezama. Wengine baada yake walichora mistari yao: McGregor mwaka 1948, kwa kuwa ukingo wa tundu si rahisi kuonekana kila mara, na hasa katika fuvu lililokwisha kukunjika, na McRae mwaka 1953. Eksirei haimalizi kazi. Haionyeshi ubongo wala ugwe. Hiyo ni kazi ya MRI. Lakini inatosha kumwambia mtu kwamba mwaka juzi ncha ilikuwa hapa, na mwaka huu iko hapa.

Picha mbili zilizoachana miaka miwili huwa na maana ambayo picha moja haina. Hilo linahitaji kitu ambacho fedha peke yake hainunui: picha ya kwanza itunzwe. Mzazi anayehama kutoka Muhima kwenda Bugesera aende nayo.

Ugonjwa huu si wa leo. Maji ya mto Nyabugogo, unaopita chini ya mlima wa Muhima, huingia Nyabarongo. Nyabarongo huenda kuzaa Akagera. Akagera humwaga katika Ziwa Viktoria, na kutoka huko maji hushika njia ndefu ya Nili hadi Misri. Katika bonde la Nili, karibu na Beni Hasan, palizikwa mtoto mchanga yapata miaka 3,000 iliyopita. Mabaki yake yamehifadhiwa British Museum huko London. Wataalamu wa karne ya 20 walipoyachunguza waliutambua ugonjwa huuhuu: mifupa ya miguu iliyopinda, meno yenye kasoro, fuvu pana lililofura juu ya tako lake. Mtoto huyo hakutupwa. Alihifadhiwa kama walivyohifadhiwa wapendwa wengine, na ndiyo sababu tunamjua. Namfikiria mama yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Hakuwa na jina la ugonjwa, hakuwa na mstari wa Chamberlain, lakini kuna mtu aliyeona kuwa kiumbe yule, na kichwa chake kile, anastahili kufanyiwa yote yanayofanyiwa mtoto.

Kwetu leo mama hupewa jina la ugonjwa, na mara nyingi hupewa lawama pamoja nalo. Huulizwa alikula nini, alimwangushaje, alimkosea nani. Hata walioelimika humshuku: mtoto wa miezi mitatu mwenye mbavu nne zilizovunjika, nani kama si yeye? Ni lazima isemwe wazi. Katika sura kali za ugonjwa huu, mara nyingi kasoro ya jeni huanza kwa mtoto mwenyewe, bila mzazi yeyote kuwa nayo. Katika sura nyingine, baba na mama wote wawili ni wazima kabisa, kila mmoja amebeba nakala moja yenye kasoro bila kujua, na mtoto amerithi zote mbili. Aina hizo za kurithi pande mbili zina historia yake barani kwetu. Peter Beighton wa Cape Town aliandika mwaka 1985 juu ya wingi usio wa kawaida wa aina ya tatu miongoni mwa Waafrika weusi wa Afrika Kusini, na baadaye kasoro katika jeni ya FKBP10 ilionekana kuwa sababu kubwa huko. Ghana na Nigeria kuna kasoro ya jeni nyingine, P3H1, ya tangu zamani, ambayo ilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani hadi Marekani. Hapa Rwanda Chuo Kikuu kina Kituo cha Jenetiki ya Binadamu, ambacho Profesa Leon Mutesa amekitumikia kwa miaka mingi. Kwangu mimi jibu la jeni lina thamani hata pale lisipobadili dawa, kwa sababu linamtoa mama kizimbani.

Nchi hii haikuanza jana kuwajali watoto wenye viungo vilivyopinda. Padri Joseph Fraipont, aliyeitwa Ndagijimana, alifungua makao ya Gatagara mwaka 1960, na Rilima kule Bugesera kuna hospitali inayopasua mifupa ya watoto. Mikono ipo inayojua kunyoosha paja. Ninachoomba ni kwamba mikono hiyohiyo, ikimaliza paja, ipande juu.

Mlezi naye ana yake ya kufanya. Mtoto mwenye ugonjwa huu hainuliwi kwa makwapa, wala miguu haivutwi juu kwa vifundo wakati wa kumbadilisha nepi. Mkono mmoja hupita chini ya makalio, wa pili nyuma ya mabega na kichwa, akainuliwa kama alivyo. Hakalishwi kwa nguvu ili alingane na watoto wa jirani. Husubiriwa hadi shingo yake yenyewe iweze, maana kila dakika ya kukaa wima ni dakika ya kichwa kukandamiza tako lake. Akilala hugeuzwa pande, fuvu lisibonyee upande mmoja. Mbeleko ni mtihani mgumu. Sijaona kitu kinachomtuliza mtoto kama mgongo wa mama, na bado kwa mtoto aliyeathirika sana kitambaa kile hukandamiza mbavu na kutanua mapaja, kikamwacha kichwa kikiyumba kwa kila hatua ya mteremko. Mama ambaye huambiwa asibebe mgongoni amenyang'anywa kitu kikubwa, na anayemwambia amwambie kwa upole.

Akikua, yapo mengine. Asibebe ndoo kichwani, hata kama wenzake wote huenda bombani nayo. Asipelekwe kwa muunga mifupa avutwe shingo. Akienda kunyolewa, kinyozi anayemaliza kazi kwa kuikunja shingo ya mteja hadi ilie azuiwe kabla hajaanza. Kuogelea kunafaa, kuzungumza na kusoma kunafaa, kuwa na marafiki kunafaa kuliko vyote. Ukoo ukianza kumfungia ndani kwa kuogopa, misuli hunyong'onyea, na mfupa usiotumika huzidi kudhoofika.

Dawa za kuimarisha mfupa zipo. Francis Glorieux na wenzake wa Montreal walionyesha mwaka 1998 kuwa pamidroneti, inayotiwa mishipani kwa vipindi, huongeza uzito wa mfupa kwa watoto walio wagonjwa sana na kupunguza maumivu. Wapo wanaotumaini kuwa kuianza mapema huchelewesha kuzama kwa fuvu. Fuvu likishazama na ubongo ukabanwa, hubaki upasuaji: kichwa huvutwa taratibu kwa pete ya chuma ili kirudi juu kama kinaweza, kisha kisogo na shingo hufungwa pamoja kwa vyuma. Pale kisiporudi, mfupa unaosukuma huondolewa kutoka mbele, kupitia mdomoni au puani. Ni kazi nzito hata kwa mabingwa, kwa kuwa skrubu huomba mfupa mgumu na mfupa wenyewe ndio uliopungua, na wakati mwingine fuvu huendelea kuzama polepole hata baada ya kufungwa. Kwa hiyo muda una thamani kuliko chuma. Aliyeonekana mapema ana njia kadhaa. Aliyeletwa akiwa amekwisha kupaliwa na mate yake ana chache.

Ndiyo maana natamani daftari la kliniki la mtoto huyu liwe na ukurasa wa kichwa na shingo. Mzunguko wa kichwa upimwe kila ziara na kuandikwa. Picha ya ubavuni ipigwe karibu na umri wa kuanza shule, mstari uchorwe juu yake, milimita ziandikwe, na irudiwe kadiri anavyorefuka. Mama aulizwe kwa lugha anayoitumia nyumbani: anapaliwa? Anakoroma na kunyamaza? Kisogo kinamuuma akikohoa? Na kwa wino mwekundu, juu kabisa, liandikwe neno kwa yule atakayemlaza usingizi siku paja litakapovunjika tena: shingo hii isirudishwe nyuma, taya lifunguliwe taratibu, kichwa kishikwe na mtu mmoja tangu mwanzo hadi mtoto aamke, na picha za shingo zitazamwe kabla ya sindano ya kwanza.